Kichwa Kipya, Suti Ileile

Saa mbili asubuhi, Fundi Brashi yuko juu ya ngazi, anampaka mwenyekiti rangi nyeupe usoni.

Ukuta ni wa ofisi ya tawi la chama tawala, unatazama barabara. Aliyechorwa hapo ana kimo cha watu wawili, suti ya bluu, tai nyekundu, mkono wa kulia umeinuliwa kusalimu. Kuanzia kola kwenda chini hana kasoro. Kuanzia kola kwenda juu ni duara jeupe, na ndani ya duara hilo masharubu yameanza kurudi.

"Rangi ya bei chee hii," anasema fundi. "Nimepiga mkono wa tatu huu. Nikishuka tu, masharubu haya hapa."

Chini ya ngazi wamejaa watu wasio na haraka ya kwenda popote. Mshona viatu wa ng'ambo ya barabara ameacha kazi yake, anapaza sauti.

"Fundi, na shingo utambadilishia, au anarithi?"

"Shingo inabaki. Nimeambiwa kichwa tu."

"Na suti?"

"Suti ileile."

Watu wanacheka mpaka wanashikana mabega. Fundi hacheki.

Ijumaa iliyopita chama kilimng'oa mwenyekiti wake, mtu ambaye hata wanachama walikuwa wamechoka kumtetea. Jioni ile mtaa huu ulilipuka. Honi zilipigwa, mabati yaligongwa, watu ambao hata salamu hawapeani walikumbatiana. Mshona viatu anakiri kwamba alicheza mpaka akapoteza kiatu kimoja, yeye anayewashonea wenzake.

Fundi Brashi, mwenye umri wa miaka hamsini na minne, alikuwa nyumbani ameketi kitandani, redio mapajani. Lilipotajwa jina la mwenyekiti mpya, akaizima.

"Mke wangu akaniuliza, wenzako wanasherehekea, wewe umenuna nini? Nikamwambia, huyo bwana namfahamu. Niliwahi kumfanyia kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa ya siku moja, miaka miwili na nusu iliyopita. Mwenyekiti mpya wakati huo alikuwa waziri mwenye dhamana ya masoko. Katibu wa tawi alimwita fundi, akampa nakala ya barua ya wizara na kumwambia achore alama ya X, nyekundu, kwenye milango ya vibanda 112 vya soko lililokuwa nyuma ya ofisi hii.

"Aliniambia ni ya kuhesabu tu, ili kila mtu apate nafasi kwenye soko jipya. Nikaamini."

Barua ilisema vingine. Mstari wa juu kabisa, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari, uliandikwa: ZOEZI LA KUBOMOA VIBANDA. Fundi anaapa kwamba hakuusoma, na mtu akimsikiliza anavyoeleza atamwamini, ingawa imani hiyo haimsaidii yeyote.

"Miaka thelathini na tatu nachora herufi za watu. Kwangu mimi herufi ni umbo. Naangalia unene, naangalia nafasi katikati. Ile barua niliitazama, nikaona imechapwa vizuri, macho yakakimbilia idadi ya vibanda nijue rangi ya kubeba. Makopo manne yatatosha. Basi, nikaikunja."

Kibanda cha 67 kilikuwa cha dada yake.

Huyu ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki, akamlisha, akamnunulia brashi yake ya kwanza. Sokoni walimwita Mama Sufuria, kwa kuwa aliuza sufuria hapo kwa miaka kumi na tisa. Alipomwona mdogo wake mlangoni na kopo la rangi nyekundu, aliuliza, "Hii nini tena?"

"Sensa tu, dada. Tulia."

Dada akatulia. Jirani zake wawili walikuwa wameshaanza kufunga virago, akawazuia. Aliwaambia, "Ndugu yangu wa damu ndiye aliyechora. Angejua kuna jambo angenificha?"

Siku ya nne, kabla hakujapambazuka, tingatinga lilifika. Sufuria zote zilisagwa bapa. Mama Sufuria aliondoka na mfuniko mmoja mkononi, na mpaka leo hajui kwa nini aliokota huo.

"Dereva wa tingatinga sikumlaumu," anasema. "Yeye hakuniita dada."

Tangu siku hiyo hajamsemesha mdogo wake. Alipofariki shangazi yao walikaa chumba kimoja siku tatu. Dada alimpa kila mtu chai, akifika kwake anamruka kama nguzo. Siku hizi anazungusha sufuria mitaani, beseni kichwani. Sokoni aliuza thelathini kwa wiki. Sasa akiuza sita anashukuru, na magoti yanauma.

Wafanyabiashara sabini na mmoja walifungua kesi, na Jumatatu ijayo mahakama itasikiliza mashahidi. Wizara imejibu kwamba haikuwahi kutoa amri ya kubomoa, na kwamba alama zile nyekundu huenda zilichorwa na wahuni wa soko. Barua yenyewe, wanasema, haionekani.

Fundi anajua iliko. Iko kwenye sanduku lake la kazi, chini ya brashi, imepata madoa ya kijani.

Mbona alinyamaza? Anafuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

"Nusu ya kazi zangu ni kuta za tawi. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Ni woga tu, hakuna jina jingine."

Na sasa kesi inayeyuka yenyewe. Kati ya Ijumaa na jana, watu arobaini na wanane wamejiondoa. Hakuna aliyewatisha. Furaha tu imewatosha. Muuza nyanya mmoja, ambaye kibanda chake kilipakana na cha Mama Sufuria, anaeleza kwa tabasamu pana.

"Yule mbaya si kaondoka? Huyu mpya tumpe nafasi. Ukimpokea mgeni kwa kesi atakuonaje?"

Mama Sufuria ni mmoja wa ishirini na watatu waliobaki. "Walicheza mitaani kwa ajili ya mtu aliyewavunjia," anasema. "Mimi siku ile nilifunga mlango, nikalia kwa hasira."

Saa tatu unusu katibu wa tawi anafika kukagua. Mwenyekiti mpya atapita hapa Jumamosi, na picha lazima iwe tayari. Anakunja uso akitazama masharubu.

"Haya mbona yapo? Watu watasema tumewachanganya."

"Yatazibwa, mheshimiwa."

"Yazibwe leo."

"Na haya maneno ya chini?" fundi anauliza. Chini ya viatu vya suti ya bluu kumeandikwa, kwa mkono wake mwenyewe: SOKO JIPYA NDANI YA MWAKA MMOJA.

Katibu anafikiri kidogo. "Hayo yaache. Mwaka unaanza kuhesabiwa upya."

Anaingia ofisini. Safari hii mshona viatu anavuka barabara, anarudi kwenye kazi yake. Nyuma ya ofisi, pale palipokuwa soko, kuna uzio wa mabati, majani marefu na mlinzi mmoja asiyejua analinda nini.

Karibu saa nne, beseni la sufuria linatokea kwenye kona. Mama Sufuria hupita hapa kila siku na kila siku hutazama upande wa pili. Fundi anamwona akiwa bado juu. Anashuka ngazi vibaya, nusura aanguke, anafungua sanduku, anamkinga njia akiwa na karatasi mkononi. Anamnyooshea.

Dada anatua beseni. Anaipokea barua, anaifungua, na macho yake yanaanza pale macho ya mtu yeyote yangeanzia, mstari wa juu. Anasoma polepole mpaka kwenye sahihi ya waziri. Kisha anainua macho, anautazama uso ambao haujamalizika ukutani.

"Ulikuwa nayo siku zote?"

Ni maneno yake ya kwanza kwa mdogo wake baada ya miaka miwili na nusu.

"Nilikuwa nayo."

"Hukuisoma."

"Siku ile sikuisoma, dada. Niliisoma tingatinga lilipokwisha kupita."

"Kwa hiyo ulijua. Nikipita hapa na hili beseni kila asubuhi, wewe umekaa na barua unanitazama."

Fundi anainamisha kichwa. Watu wanaanza kuondoka mmoja mmoja, kwa aibu ambayo si yao.

Mama Sufuria anaikunja barua kwa mikunjo yake ya zamani. Badala ya kuiweka kwenye kanga yake, anamrudishia.

"Nikiipeleka mimi watasema nimeiokota jalalani. Ipeleke wewe uliyepewa. Jumatatu, saa tatu. Na usome yote, usiruke mstari."

Anajitwika beseni. Hakumwita "mdogo wangu." Fundi anasema alisubiri kulisikia neno hilo mpaka dada alipokata kona.

Je, anatarajia nini? Kazi za tawi anajua zimekwisha, na mkewe keshamwambia kwa simu. Soko jipya hategemei kuliona. Kuta za maduka bado zipo, na atazunguka kuziomba. Picha hii ataimaliza, maana alikubali kuimaliza, na Jumamosi watu watapiga makofi mbele yake.

"Jumatatu nitavaa shati lisilo na rangi," anasema. "Nitasema ni mimi niliyechora. Sitaki anisamehe siku hiyohiyo. Nataka akae pale anisikie."

Hapandi ngazi tena kwa muda. Anakaa kwenye kopo lililopinduliwa, mgongo kwa ukuta, barua magotini, anajizoeza. "Zoezi la kubomoa vibanda," anasoma kwa sauti, kidole kikifuata maneno. Anakohoa, anarudi mstari wa juu, anaanza upya.