Nusu Sahani

Dada yangu mkubwa anashona sare za shule, na hajawahi kuwa mnene hata siku moja. Basi alipogundulika ana kisukari na presha kabla ya kutimiza miaka arobaini, ukoo mzima ukageuka daktari. Shangazi alisema anakula vitamu kwa kujificha. Nesi wa kliniki, bila hata kumtazama, alimwambia apunguze uroho. Mimi mdogo wake nina tumbo linalotangulia kuingia mlangoni, navuta sigara, nakula chipsi karibu kila siku, na kila nikipimwa naambiwa sina neno. Hakuna aliyewahi kuniita mroho.

Akaacha sukari, akaacha na chai yenyewe. Alikula mboga za kuchemsha kando ya cherehani, mafundi wenzake wakimtania kwamba anafuga sungura tumboni. Vipimo havikutengemaa.

Mwaka huu alikuja daktari mpya, binti mpole, akamuuliza alizaliwa na kilo ngapi. Dada hakujua. Tukaenda kumuuliza mama.

Mama alicheka kwa fahari. "Huyu? Hakufika hata kilo mbili. Aliteleza kama sabuni, mkunga hakupata kazi. Mama mkwe alinipimia nusu sahani tangu mimba ilipoonekana, eti mtoto asikue akanishinda kumsukuma. Wewe," akanigeukia, "nilikuzaa kwa mama yangu, nakula nitakavyo. Ulinitesa siku mbili nzima."

Kwa mara ya kwanza maishani niliona aibu kwa afya yangu.

Daktari aliposikia hayo aliweka kalamu chini. Alisema mtoto anayenyimwa chakula tumboni, mwili wake hujengwa kwa kubana matumizi, na kasoro hiyo anaweza kutembea nayo hadi utu uzima. Si sababu pekee, lakini ina mchango wake. "Hukujitakia, dada," alimwambia. Dada alilia palepale kitini, na hayakuwa machozi ya huzuni. Miaka sita watu wamemsema kwa shibe asiyowahi kuipata.

Alipomaliza kujifuta alisema neno moja tu: "Mwanangu."

Binti yake ana mimba ya miezi saba. Dada mwenyewe ndiye aliyempeleka kwa mama, akatunzwe na mwenye uzoefu.

Tulifika wakati wa chakula cha mchana. Sahani ya binti ilikuwa na wali wa vijiko vitano. Dada aliichukua, akaijaza, akairudisha mezani, kisha akamweleza mama yote waziwazi.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuumiza."

"Na wewe uliumizwa, mama. Ila sasa basi."

Mama aliitazama ile sahani iliyojaa. "Nilikuwa nasikia njaa mpaka natafuna upindo wa nguo," alisema. "Nikiomba kuongezwa, naambiwa nitafia uzazini." Akamsogezea mjukuu wake sahani. "Kula. Kula yote."

Binti hakugusa kijiko. Alitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Wiki mbili zilizopita kliniki waliniambia mtoto ni mdogo sana kwa miezi yake," alisema. "Walitaka nirudi kesho yake wanipime tena. Sikurudi. Nilipomwambia bibi, alinikumbatia, akanipongeza."