Sinia za Nyaga

Walikuwa kumi na wanane, na jua lilikuwa la utosini. Nyaga aliwahesabu kupitia dirisha la jikoni walipokuwa wakikatiza shamba lake la mtama uliokauka kabla ya kutoa mashuke. Ilikuwa Jumapili, na watatu kati yao walikuwa bado na mashati meupe ya kanisani. Vijana walikuwa na mashavu yaliyotunishwa na majani ya muguka waliyokuwa wakitafuna. Mbele alitangulia Ireri, jirani yake, mtu waliyetahiriwa naye mwaka mmoja, kando ya mto mmoja. Alikuwa ameshika mpini wa jembe.

Hawakubisha. Mlango uliangukia ndani pamoja na mbao zake, na vumbi lilipotulia Ireri alikuwa amesimama sebuleni, akizungumza kwa sauti ya mtu aliyekuja kuomba chumvi.

"Rika langu, tumekuja kuvunja zile sinia. Wewe na mkeo, Mama Sheila, kaeni kando."

Sinia ni jina ambalo wanakijiji walizipa. Nyaga aliziita sahani za leza. Kila moja ilikuwa na upana wa sinia ya chai, iking'aa kama kioo pande zote mbili, na ndani yake mlikuwa na filamu. Zilitoka katika hoteli moja ya watalii karibu na mbuga, alikofanya kazi ya fundi wa umeme kwa miaka kumi na tisa. Hoteli ilipofungwa wafanyakazi waliambiwa kila mtu achukue anachoweza kubeba. Wenzake walibeba magodoro na sufuria. Nyaga alibeba televisheni, mashine ya kuchezea sahani, na sahani zenyewe arobaini na moja, akarudi nazo kwao Mbeere juu ya lori la mkaa, amezikumbatia kama mtu aliyebeba mgonjwa.

Kumi na moja alizitengea kabati la vioo. Moja ilikuwa ya pambano la ngumi la huko Ujapani, na mtu mmoja wa Nairobi aliwahi kumwandikia kwamba zilizobaki duniani huenda hazifiki ishirini. Nyingine ilitengenezewa mafundi tu. Haikuwa na hadithi, ila mistari ya rangi ya kupimia televisheni, na Nyaga aliipenda kwa sababu haikumdanganya mtu. Kila Krismasi aliwaita majirani wakatazama ngumi na filamu ya nyangumi. Lakini ile ya kumi na moja hakuna aliyewahi kuonyeshwa, hata mkewe. Aliitazama peke yake, mlango ukiwa umefungwa.

Hiyo haikuwa na jina. Wapiga picha wa kigeni waliitengeneza kwa ajili ya ukumbi wa hoteli, zamani, Nyaga akiwa kijana, wakati ambapo akina mama wa Mbeere walikuwa wakienda kuwachezea watalii ngoma kila Jumamosi. Katika dakika ya kumi na tisa, kwa muda usiofika dakika moja, alikuwemo mama yake, Nelius. Alikuwa akicheka.

Nyaga hakuwahi kumwona akicheka nyumbani. Baba yake, Mbaka, alikuwa na mkono mwepesi. Alimpiga mkewe kwa sababu ya uji, kwa sababu ya mbuzi, kwa sababu ya mvua. Siku moja alimvunja taya kwa kigoda, na tangu hapo Nelius alitafunia upande mmoja na kufunika kinywa kwa mkono alipozungumza. Alikufa kwa wengu uliopasuka. Mbaka alisema alianguka kutoka kwenye mpapai, na kwa kuwa alikuwa na watoto wa kulea na sauti kubwa, watu walikubali, ingawa hakuna aliyewahi kumwona mtu mzima akipanda mpapai. Picha pekee iliyobaki ilikuwa ya kitambulisho, na humo alikuwa ameufumba mdomo.

Vita vyenyewe vilianzia kwa ndege. Sahani za leza huliwa na kutu ndani kwa ndani, na inayoliwa huonyesha madoa meupe, kama unga unaopepetwa mbele ya picha, mpaka picha inakwisha. Virginia, mkewe, alimwambia kwamba kitu kinachong'aa kisichofaa kutazamwa kinafaa kufukuza kwelea. Basi Nyaga akazitundika thelathini zilizooza juu ya mtama. Upepo ulipozigeuza zilitupa mwanga mpaka ng'ambo ya mto. Kwelea walikuja kama wingu, wakashtuka, wakapinda, wakatua shambani mwa Ireri. Kwa siku tatu walimla mpaka bua. Nyaga alivuna magunia tisa, Ireri hakuvuna hata punje ya kulisha kuku.

Msimu uliofuata mvua haikunyesha. Wala uliofuata huo. Mawingu yalikuwa yakija kutoka upande wa mlima Kirinyaga, yakijaa, yakifika juu ya shamba la Nyaga, kisha yakitawanyika. Ireri alikuwa wa kwanza kusema kwamba sinia zinayarudisha. Nyaga aliziondoa shambani siku hiyo hiyo akazizika, lakini neno likawa limeshahama: sinia mama, zile za kwenye kabati, ndizo zenye nguvu. Huko kwenye foleni ya kisima Virginia alinong'onezwa kwamba Jumapili watakuja.

Jumamosi, adhuhuri, Nyaga alichukua ile ya kumi na moja, akaifunga kwa mfuko wa plastiki, akapanda mgunga ulio mpakani. Hapo palikuwa na mzinga wa babu yake, gogo lililotobolewa, lenye alama ya ukoo iliyochomwa kwa chuma. Ukame ulikuwa umepunguza nyuki, wakabaki nusu ya mbele. Alifungua kifuniko cha nyuma. Sahani iliingia kana kwamba mchonga mzinga aliipimia. Alirudisha kifuniko, akakizibia kwa kinyesi cha ng'ombe, akashuka na uso uliovimba. Hakumwambia mkewe, na mkewe, alipomwona uso, hakuuliza. Katika nchi ile mtu anaweza kukuibia mbuzi na akasamehewa, akakuchukulia mke na kesi ikasikizwa. Mzinga wa mtu hauguswi. Hata mwizi akipita chini yake hutazama pembeni.

Sasa walikuwa sebuleni. Walianza na mashine. Ireri aliinyanyua juu ya kichwa akaibwaga, kisha vijana wakaikanyaga mpaka ile lenzi yake ndogo, isiyozidi punje ya mtama, ikabiringika chini ya kiti na kusagwa na kiatu cha mtu. Halafu walivunja kabati. Sahani za leza hazivunjiki kama kikombe. Hupinda kwanza, zikalia, kisha zikapasuka kwa vipande virefu vyenye makali. Kijana mmoja alikatwa kiganja na lile pambano la ngumi, na kuona damu yake mwenyewe kulimtia wazimu. Alimpiga Nyaga teke la tumbo ambalo halikuwa kwenye mpango.

Ireri alikuwa akihesabu kwa sauti. Alifika kumi akanyamaza. Alitazama nafasi iliyobaki wazi kwenye kabati, mviringo safi katikati ya vumbi.

"Moja haipo."

Nyaga alisema hajui. Mpini wa jembe ulimpata mkono wa kushoto, kati ya kiwiko na kiganja, naye akasikia sauti ya mfupa kabla ya kusikia maumivu. Walimuuliza tena. Mara ya pili ulimpata pale pale. Nje, banda la mbuzi lilikuwa limetiwa moto, na mbuzi waliokuwa ndani walilia kama watoto. Aliweza kufikiria jambo moja tu, kwamba mama yake alikuwa juu ya mti, na kwamba kwa mara ya kwanza hakuna mwanamume angeweza kumfikia.

Kisha kijana mwenye kiganja kilichokatwa akamshika Virginia kwenye kilemba na kumvuta mbele.

"Mzee, sema."

Virginia alimtazama mumewe. Hakulia. Alikuwa akingoja. Nyaga alifungua mdomo, akaufunga. Kijana alimpiga Virginia usoni kwa ngumi, mara mbili, na jino lake likaanguka juu ya vipande vya sahani likakaa hapo, jekundu upande mmoja. Ireri ndiye aliyesema inatosha. Waliondoka kama walivyokuja, wakikatiza mtama.

Katika hospitali walimfunga Nyaga plasta, na huko kituoni taarifa iliandikwa. Walirudi nyumbani, wakakaa jikoni kwa kuwa sebule haikukalika.

"Ilikuwa wapi?" Virginia aliuliza.

Alimwambia. Alimweleza pia kilichokuwa ndani yake, kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini. Virginia alisikiliza mpaka mwisho, ulimi wake ukigusagusa pengo.

"Mama yako alipigwa kila siku na hakuna aliyesema," akasema. "Na mimi jana, Baba Sheila, ulisema nini?"

Asubuhi alifunga nguo zake akaenda kwa binti yao huko Kianjai. Nyaga alimsindikiza mpaka barabarani akimbebea mfuko kwa mkono mmoja. Hakumwomba abaki, maana hakuona pa kuanzia.

Wiki ya tatu, Nyaga akiwa amekaa chini ya mgunga, Ireri alikuja peke yake na panga. Alisimama hatua chache akiutazama mzinga.

"Jumamosi ile nilikuwa nachunga ng'ambo," alisema. "Nilikuona ukipanda kwenye jua kali, bila moto wa kufukizia. Nani hurina asali saa sita?"

"Mbona hukuwaambia wale?"

"Wangeugusa." Alitema mate pembeni. "Wale hawana adabu. Nilikupiga ili uishushe mwenyewe. Ishushe sasa. Mimi sigusi mzinga wa mtu."

"Basi kata na huu mkono wa pili."

Ireri alisogea mpaka Nyaga akasikia harufu ya muguka na jasho. Panga lilikuwa limenolewa siku hiyo. Nyaga aligundua kwamba hakuogopa, na hilo lilimhuzunisha zaidi ya woga.

"Mama yako yumo humo, akicheza pamoja na wangu," alisema. "Njura. Wa tatu kutoka kushoto."

Nyaga alijua kwamba Ireri hakuwa na picha yoyote ya mama yake, hata ya kitambulisho. Iliungua pamoja na nyumba yao wakiwa vijana.

"Unadanganya."

"Kama ungeniachia mashine ningekuonyesha."

Panga liliinuka. Lilishuka kando ya sikio la Nyaga likazama kwenye shina la mgunga, na mti mzima ukatikisika. Juu, nyuki walivuma. Ireri alitazama juu, akatazama mkono wake mwenyewe ulioupiga mti wenye mzinga, uso wake ukabadilika. Alilichomoa panga kwa mikono miwili. Aliondoka haraka, karibu kukimbia, na utomvu ukaanza kutoka kwenye jeraha la mti, taratibu.

Mvua ilinyesha mwezi wa nne, ikanyesha vizuri. Wengine walisema ni kwa sababu sinia zilivunjwa. Hakuna aliyekuja kuomba radhi. Virginia alirudi wakati wa palizi, akajenga upya banda la mbuzi pamoja na mumewe, akampikia, akamfulia. Lakini alikuwa amejifunza kufunika pengo kwa mkono alipozungumza, na kila alipofanya hivyo Nyaga aliinuka akatoka nje.

Mwezi wa sita alipanda mgunga kurina asali. Kwa mkono uliopona ukiwa umepinda ilimchukua muda mrefu. Nyuki walikuwa wameongezeka, wakajaa gogo lote. Mfuko ule walikuwa wameutafuna vipande vipande, sahani wakaigundisha pande zote kwa gundi yao nyeusi, na juu ya uso wake unaong'aa walikuwa wameanza kujenga masega. Aliishikilia kwa ncha za vidole kama alivyozoea. Ingemlazimu kuikwangua. Na akishaikwangua, angeitia kwenye mashine gani? Alikuwa ameuliza kwa mafundi wote wa Makutano, mjini Meru, nao walimtazama kama mtu anayeulizia gari la kukokotwa na ng'ombe. Alichukua asali ya upande wa mbele, akarudisha kifuniko cha nyuma, akakiziba.

Alhamisi moja, huko soko la Ishiara, alikuwa akipimiwa ndengu Ireri aliposimama kando yake. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ya panga. Ireri hakumsalimu. Alichota ndengu kiganjani, akaziangalia, akazirudisha.

"Alikuwa amevaa nini?" aliuliza.

Nyaga alimtazama. Alikuwa amezeeka, nywele za pembeni zimekuwa nyeupe. Ingekuwa rahisi kumnyima. Alikaa na urahisi huo kwa muda, akiuonja.

"Sketi ya nyuzi," alisema hatimaye. "Njuga miguuni. Kitambaa cheupe kichwani. Alikuwa na kibuyu cha mbegu mkono wa kulia, na alikuwa anakipiga mbele ya wenzake, kabla yao kidogo. Wote walikuwa wanamfuata yeye."

"Yeye ndiye alikuwa anaongoza?"

"Yeye."

Ireri alisubiri. Nyaga angeweza kuendelea. Angeweza kumwambia kwamba kitambaa kile kilimteleza Njura kikamfunika macho, naye hakukoma kucheza; alizidi, kipofu, kibuyu juu, akaenda akamgonga mpiga ngoma; na kwamba hapo ndipo mwanamke aliyekuwa kando yake, Nelius, alipotoa mkono kinywani, akatupa kichwa nyuma na kucheka, taya lake lililopinda likionekana na wote.

"Ni hayo tu," alisema.

Alimpa muuzaji mfuko ajaze, akauning'iniza kwenye mkono mzima, akaanza safari ya kurudi. Ireri alibaki pale pale kwenye gunia la ndengu, kiganja wazi.