Kumnyoa Mwenye Mashine

Nilipopangiwa kufundisha Nyanungu, karibu na mpaka wa Kenya, nilifika na begi moja, godoro, na shingo iliyojaa vipele. Nilikuwa natumia nyembe za plastiki za kutupa, zile za dukani, na kila nikimaliza kunyoa ngozi iliwaka kama imepakwa pilipili. Nilidhani ni maji ya kule. Baadaye nikadhani ni vumbi.

Miaka ile dhahabu ilikuwa imewavuruga watu wote. Leo darasa limejaa, wiki inayofuata madawati ya nyuma hayana mtu. Nikiuliza wenzao wako wapi, wanajibizana kwa Kikurya, kisha wanacheka. Mimi mtu wa Morogoro nabaki nimeshika chaki.

Chumba nilipanga kwa mama mmoja aliyeuza unga na kuimba kwaya kanisani. Mume wake alikuwa machimboni. Nilipomuuliza atarudi lini, alinijibu, "Akipata." Nilipomuuliza tena siku nyingine alisema, "Akikosa." Nikaacha kuuliza.

Jumapili moja alirudi kanisani akanikuta najikuna shingo mlangoni.

"Mwalimu, huo uso unaoza," alisema.

Aliingia ndani, akatoka na kitu kilichofungwa kwenye kanga. Ndani kulikuwa na mashine ya kunyolea ya chuma, ile ya zamani ambayo unafungua kichwa chake na kuweka wembe katikati. Kulikuwa pia na brashi fupi na kipande cha shabu, lile jiwe jeupe la kuzuia damu baada ya kunyoa.

"Ni ya baba mwenye nyumba. Kaka yake alimnunulia, upande wa Kenya. Tumia."

"Na akirudi, mama?"

"Akirudi atakukuta umenyoa."

Sikuelewa kama ile ilikuwa ruhusa au onyo. Niliipokea kwa mikono miwili, nikashukuru.

Kuifunga tu kulinishinda. Vilikuwa vipande vitatu, na kila nilivyovipanga, wembe ulitokeza upande mmoja zaidi kuliko mwingine. Hatimaye nikageuza kile kibati cha chini na wembe ukalala sawa. Nikaikandamiza shavuni kama nilivyozoea kukandamiza plastiki. Damu ilishuka mpaka kwenye kola. Mama mwenye nyumba alikuwa anapepeta mtama uani.

"Usikandamize!" alipiga kelele. "Yeye huiacha itembee yenyewe. Na anaanzaga na maji ya moto, halafu povu. Povu jingi!"

"Anaanzia juu au chini?"

Alisimama na ungo mkononi, akafikiri. "Sijui. Mimi namwonaga tu."

Basi nikajifunza kwa kujikata. Nilichemsha maji, nikazungusha brashi kwenye sabuni mpaka povu likawa zito, nikafuata ndevu zinakolala. Vipele vikaanza kupungua. Mwalimu mkuu aliniuliza kama nina mchumba.

Jumamosi moja mchana nilikuwa nimetundika kioo kwenye msumari nje ya dirisha langu. Nusu ya uso ilikuwa imenyolewa, nusu ina povu. Kwenye kioo, nyuma yangu, nikaona mtu mwenye ndevu zinazofika kifuani, nguo zake zote rangi ya udongo. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeviringishwa kitambaa. Nikageuka.

"Shikamoo."

"Marahaba," alijibu, akiangalia mkono wangu. "Hiyo ni yangu."

Nilianza kueleza. Nilieleza habari ya vipele, ya kanga, ya kaka yake, nikachanganya yote. Alinisikiliza kidogo, kisha akasema, "Maliza."

Sikujua anataka nimalize kunyoa au nimalize kusema. Nikafanya vyote viwili.

Niliponawa, alivuta kigoda akaketi. "Sasa mimi," alisema. Akafungua kitambaa. Kidole gumba na cha pili havikuwepo, na ngozi ya pale ilikuwa bado mpya, ya kung'aa.

"Mwamba," alisema. Alitazama barabarani. "Mama ameenda wapi?"

"Mashine ya kusaga."

"Fanya haraka. Sitaki anikute hivi."

Nilipunguza ndevu kwa mkasi kwanza, nikabadilisha wembe, nikampaka povu. Sikuwahi kumnyoa mtu mwingine. Nilipofika kooni aliinua kidevu, akaanza kuniuliza maswali wakati wembe uko palepale.

"Alikupa mwenyewe, au uliomba?"

"Alinipa mwenyewe."

"Alisema nini?"

"Alisema ukirudi utanikuta nimenyoa."

Koo lilianza kutikisika. Niliinua mkono upesi, nikidhani amekasirika. Kumbe anacheka, lakini machozi nayo yalikuwa yanapita kwenye povu, na mimi nikasimama pale nisijue niendelee au nimwache.

"Endelea, mwalimu," alisema.

Mkewe alitukuta nampaka shabu. Alisimama na ndoo ya unga kichwani, akamtazama yeye, akanitazama mimi, akautazama ule mkono. Akasema maneno mengi kwa Kikurya, bila kupandisha sauti. Mumewe akajibu neno moja. Mama akatua ndoo, akaingia jikoni, na moshi ukaanza kutoka.

"Kuna ubaya, baba?" niliuliza.

"Amesema nimekonda."

Nijuavyo mimi, maneno yale yalikuwa marefu kuliko hayo.

Hakurudi tena machimboni. Alilima, na kila Jumamosi alikuja kwenye dirisha langu, akaketi, akainua kidevu. Mashine ilikaa kwangu. Hakuwahi kusema nimepewa, wala hakuidai. Hatukuzungumza sana, aliniuliza kuhusu mvua za Morogoro, nami sikuthubutu kumuuliza kuhusu shimo.

Halafu Jumamosi moja nilikuta dirishani hakuna mtu, na mashine haipo. Alitokea nyuma ya nyumba akiwa nayo, amekwisha kunyoa, ana mkato kidevuni.

"Mkono wa kushoto umeanza kuelewa," alisema, akaenda shambani.

Nilipaswa kufurahi, nadhani. Nilibaki na maji ya moto, sijui niyafanyie nini. Mwisho wa mwezi nikapanda gari hadi Sirari, mji wa mpakani, nikanunua mashine yangu kwa muuzaji aliyeniita "boss" katika kila sentensi. Nilimwonyesha baba mwenye nyumba. Aliigeuzageuza kwa mkono wa kushoto.

"Mpini mfupi," alisema, akanirudishia.

Kisha, ingawa uso wake ulikuwa laini kabisa, alivuta kigoda akaketi, akainua kidevu. Nikaenda kuchemsha maji.