Mate ya Ndugu wa Karatasi

Kanisani kwetu La Rochelle, mtaa wa wakimbizi huku kusini mwa bara, mimi ndiye ninayewasomea watu barua za serikali na kuwaeleza polepole mpaka waelewe. Mwaka jana alikuja daktari mmoja wa maabara, akaomba familia zenye ndugu waliopotea zitoe mate ya kupimwa undugu. Nikatafsiri. Nilieleza kwamba ukoo ni kama kitenge cha bibi: kila mtoto hupata kipande, kila mjukuu kipande kidogo zaidi, lakini maua ni yale yale. Hata binamu wa mbali akileta kipande chake, wataalamu hupanda nacho hadi kwa bibi, kisha wakashuka upande wa pili hadi kwa marehemu asiyejulikana.

"Wanaomba kitu kimoja tu," nikasema. "Usidanganye wewe ni nani kwake."



Miaka miwili kabla ya hapo, rafiki yangu tuliyekuwa tukiishi chumba kimoja, mlinzi wa ofisi za Marshalltown, hakurudi kutoka kazini. Baada ya wiki tatu polisi walinionyesha maiti iliyookotwa majanini karibu na Diepsloot. Alikuwa amepigwa hata uso hautambuliki. Koti lilikuwa kama lake, ila makoti ya walinzi hufanana. Wakaniuliza mimi ni nani kwake.

Nilipofika nchi hii, yeye ndiye aliyeniandikisha kwenye faili lake la ukimbizi kama mdogo wake, baba mmoja, mama mmoja. Wengi wetu tuliingia hivyo, na kwetu haukuwa uongo. Alinilisha mwaka mzima. Lakini mbele ya polisi niliona kwamba nikisema kweli, kibali changu cha ukimbizi kitachanwa. Nikasema, ni kaka yangu. Wakanisugua shavu kwa ndani kwa kijiti chenye pamba. Nilijua, wakati ule ule, kwamba mate yangu hayana la kusema juu yake.

Majibu yakaja: hatuna undugu. Maiti ikazikwa kwa namba. Nami nikampigia simu mama yake kwetu Uvira, nikamsomea majibu kama yalivyoandikwa, kwamba si yeye. Jumapili alitoa shukrani kanisani, akacheza. Tangu hapo kila mwezi aliniuliza kama mwanawe ameonekana, nami nikimwambia tuzidi kuomba.

Siku ile ya kutafsiri, ibada ilipokwisha, nilikwenda Rosettenville, mtaa wa jirani, kwa binti wa shangazi wa rafiki yangu, msusi. Nikamwomba atoe mate. Aliniuliza bila kuacha kusuka, akiniita yaya kama tunavyowaita wakubwa wetu:

"Kwani mara ya kwanza walipima ya nani, yaya?"

"Yangu."

Mikono yake ikasimama juu ya kichwa cha mteja. Hakunitukana. Angenitukana, ningepumua.

Alitoa mate. Safari hii kipande kiliungana na kipande, kwa bibi yao mmoja. Aliyezikwa kwa namba alikuwa yeye.

Nikampigia mama yake. Nilimweleza yote, hatua kwa hatua kama ilivyo tabia yangu: faili, kijiti, kitenge cha bibi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwanangu, umeeleza vizuri sana," akasema. "Na siku ile niliyokuwa nikicheza kanisani, ulishindwa kunieleza?"

Nikamsikia, mbali kidogo na simu, akimwambia mtu atandike mkeka wa msiba.