Wanaokuja Wakiitwa

Felisiani alijaliwa kipaji kimoja tu hapa duniani, na hicho kimoja kilimchosha. Alijua kulia kama mtoto wa paa. Hakuhitaji kipenga wala jani la kupuliza. Aliziba pua kwa vidole viwili, akakaza koo, akatoa kile kilio chembamba cha kitoto kilichokamatwa, nawe uliyesimama karibu naye ungeapa kuna roho inatolewa hapo kichakani. Kisha alinyamaza, akaweka mshale kwenye upinde, akangoja. Na paa alikuja. Hakuja kwa kunyata kama ilivyo desturi yake. Alikuja mbio, kifua mbele, macho yamemtoka.

Sasa hebu jiulize mwenyewe: ni paa yupi anayekimbilia kilio cha mtoto? Dume? Thubutu! Dume huja mara mojamoja, kwa udaku tu. Anayekuja mbio ni mama.

Baba yake, marehemu mzee Bazilio, ndiye aliyemfundisha kazi hiyo katika mapori ya Mabamba, na kazi aliiwekea sharti. "Akija, mtazame kiwele kabla hujavuta upinde. Kikiwa kimejaa, gonga mti aende zake. Yuko mtoto kafichwa kwenye nyasi anamngoja, na huyo hatakufa kwa mshale, atakufa kwa njaa, nawe umekaa nyumbani unakula." Kwa sharti hilo mzee Bazilio aliweza kuita asubuhi nzima akarudi na jasho lake tu, au na dume moja lililoponzwa na udaku. Watu walimcheka. Yeye akawajibu kwamba pori si shamba la baba yake.

Lakini enzi za mzee Bazilio hapakuwa na kambi. Wakimbizi walipoanza kuvuka kutoka Burundi, watu wakawa wengi kuliko kuni, na kila mmoja kachoka maharage ya mgao. Hapo ndipo alipojitokeza Stanislaus, mchuuzi wa Kibondo mwenye baiskeli na maneno matamu. Alipita kwa Felisiani kuchukua nyama ya kupeleka kambini, akaacha mafuta ya kupikia na unga wa njano. Mihogo ya Felisiani ilikuwa imeingiwa na ugonjwa, majani yamejikunja, na nyumbani kulikuwa na wajukuu ambao baba yao, Sylvesta, alikwenda Kasulu kutafuta kazi akapotelea huko. Tumbo halina likizo. Felisiani akaacha kutazama kiwele. Mara ya kwanza iliuma. Baadaye haikuuma tena, ilichosha tu.

Aliyegundua ni mkewe, Epifania. Siku moja alikuwa akikatakata nyama juu ya jani la mgomba, mara maziwa yakachuruzika chini ya kisu. Akaweka kisu chini, akamwangalia mumewe.

"Baba Sylvesta, huyu alikuwa ananyonyesha."

"Ni nyama, Mama Sylvesta. Pika."

"Kupika nitapika. Kula, mtakula wenyewe."

Tangu hapo Felisiani akawa anakata kiwele hukohuko porini na kukitupa, ili alete nyumbani nyama isiyosema kitu. Epifania hakuuliza tena, lakini kila nyama ilipopikwa alichukua bakuli lake akakaa peke yake nje, akala ugali kwa majani ya maharage. Mwanamke akikunyamazia hivyo, heri akutukane! Felisiani alilala amechoka na kuamka amechoka, akajiambia ni uzee huo.

Asubuhi moja ya mwaka tisini na sita, siku zile milio ya bunduki ilipokuwa ikisikika kutoka ng'ambo ya mpaka, aliingia bondeni kwake kama kawaida. Akaziba pua, akaita. Kimya. Akaita tena. Upande wa mpakani nyasi zikatikisika, zikalala kwa kishindo, na mkono wa Felisiani ukavuta upinde wenyewe, maana ulishazoea. Vidole vilikuwa vinaachia alipoona kitenge, akauwahi mshale, akashusha upinde.

Alikuwa mwanamke. Kijana bado, miguu imechanwa na miiba, mikono ameinyoosha mbele. Alimpita Felisiani kana kwamba hakumwona, akaanza kufunua nyasi huku na huku.

"Umwana wanje ari he?" Mtoto wangu yuko wapi? Kirundi chake na Kiha cha Felisiani ni ndugu. Hapakuwa na pa kujificha.

"Hakuna mtoto hapa, mama."

"Nimemsikia! Kalia hapahapa. Mmemweka wapi?"

Felisiani akaketi chini. Alitamani kusema ni ndege, ni mbuzi, ni chochote kile. Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe.

"Ni mimi," akasema. "Niliyelia ni mimi."

Mwanamke akamtazama kama anavyotazamwa mwendawazimu. Aliitwa Niyomwungere. Walipokuwa wakikimbia, risasi ziliwatawanya, na mwanawe mchanga alikuwa mgongoni kwa dada yake. Tangu hapo hakuwaona tena.

"Mwongo," alisema. "Lia tena nisikie."

Jamani! Felisiani aliita paa maisha yake yote, lakini safari hii sauti ilimtoka kwa taabu, kama mtu anayetapika. Aliziba pua, akalia. Mara moja tu. Niyomwungere akasimama tuli, akaamini. Na hapo Felisiani akaona kitenge kifuani pake kinalowa, pande zote mbili, doa linapanuka. Maziwa yalikuwa yamekuja yenyewe, yameitikia kilio cha uongo. Mwanamke akajifunika kwa mikono, akaketi kwenye nyasi, akalia kwa sauti yake mwenyewe.

Felisiani alimpeleka nyumbani. Epifania hakuuliza nyama iko wapi. Alichemsha maji, akamkanda matiti yaliyovimba, akampa uji, akamlaza. Kesho yake wakamsindikiza barabarani, kwenye malori yaliyokuwa yakipeleka watu kambini, ambako ilisemekana watoto waliopotea wanakusanywa. Kabla ya kupanda, Niyomwungere aligeuka. Hakuwa na hasira. Alikuwa amechoka tu, kama Felisiani mwenyewe.

"Baba, wale wanaokuja wakikusikia, huwa unawaambia nini?"

Lori likaondoka. Kama alimpata mwanawe au hakumpata, hawajui mpaka leo, ingawa Epifania aliulizia sana.

Stanislaus alipokuja na baiskeli yake alikuta kamba ya kuanikia nyama ni tupu.

"Vipi mzee, mbona hivi?"

"Sauti imekwisha."

"Imekwisha vipi, na Jumapili nimekusikia kanisani unaimba mpaka bati linatetemeka?"

"Hiyo ni nyingine," alisema Felisiani.

Stanislaus akacheka, akabembeleza, mwisho akakasirika, akaondoka na mafuta yake na unga wake. Mihogo ilikuwa bado ni ileile, imejikunja majani, na ya kesho hakuna aliyeyajua. Jioni wajukuu waliona ugali mdogo na majani ya maharage, wakanung'unika. Felisiani naye alinung'unika kidogo, maana nyama ni nyama. Epifania akatoka jikoni, mkononi hana bakuli. Akasogeza kigoda, akanawa, akala nao sahani moja.