Nyumba ya Mzee Orville, Bila Dalali

LaVonne Brekke alikiona kibao kile siku ile ile kilipochomekwa, maana barabara hiyo aliipita kila alasiri akienda kumwona mama yake. Kilikuwa kipande cha mbao, maandishi yake ya rangi nyekundu iliyobaki baada ya kupaka ghala: NYUMBA INAUZWA. MWENYEWE NIPO. DALALI ASIKANYAGE. Akafunga breki katikati ya barabara. Alifurahi kweli kweli. Alijisemea kwamba bila dalali hakuna maneno mengi, ni watu wawili tu, mmoja anauza na mwingine ananunua, wanapeana mikono yamekwisha.

Laiti angejua. Watu husema dalali ni mnyonyaji, na ni kweli, lakini katika mji wa Nordby, jimbo la Minnesota, dalali ana kazi moja ambayo hakuna mwingine anayeiweza: kusema wazi anachotaka mtu.

Mama yake, Ardis, alivunjika nyonga majira ya kuchipua, na tangu hapo yuko kwenye nyumba ya wazee katika mji wa jirani, akisukumwa kwa kiti cha magurudumu. Daktari alisema anaweza kurudi kukaa na bintiye, sharti pasiwe na ngazi. LaVonne alikuwa amepanga chumba juu ya duka la misumari na rangi, na ngazi za kupanda kwake zingemtoa jasho mbuzi. Nyumba nyingine zote za Nordby zimejengwa ghorofa, kana kwamba waliozijenga hawakutarajia kuzeeka. Ya mzee Orville Tollefsrud peke yake ndiyo iliyolala chini, jikoni, choo na vyumba vyote sakafu moja. Na muda ulikuwa unakwisha. Theluji ikianza, walisema wale wa nyumba ya wazee, Ardis atahamishiwa upande wa wakaaji wa kudumu, na katika upande ule LaVonne hakuwahi kusikia mtu aliyetoka akitembea wala akisukumwa.

Kwa hiyo alikwenda. Benki ilikwisha kumkubalia mkopo. Alibisha hodi akiwa na maneno yake tayari mdomoni.

"Aa, binti wa Ardis!" Mzee Orville alifungua mlango akiwa na soksi nene na suruali ya kamba za mabegani. "Ingia, ingia. Kahawa?"

"Hapana mzee, usijisumbue."

"Ipo jikoni tayari."

"Nimekunywa nyumbani."

"Nusu kikombe tu, basi."

"Haya, kama ipo tayari."

Akamiminiwa kikombe mpaka juu, kahawa nyepesi unayoweza kuona kitako cha kikombe. LaVonne alikuwa ameishi Chicago miaka mingi, akarudi baada ya ndoa kumvunjikia, lakini mambo ya kahawa mdomo wake haukuyasahau. Huku unakataa mara mbili, ya tatu unapokea. Anayepokea mara ya kwanza ana njaa au hana malezi. Na hakuna mtu, hata awe anakufa kwa kiu, anayeomba kahawa katika nyumba ya watu.

Basi wakaongea. Waliongea mvua iliyochelewesha mavuno. Waliongea swala aliyeingia dirishani mwa kanisa la Kilutheri. Waliongea binti wa mzee Orville aliyeko mji wa Sioux Falls, anayemtaka baba yake ahamie huko, kwamba ana watoto, na watoto wana mbwa, na mbwa ana ugonjwa wa masikio. Kila LaVonne alipojaribu kuyavuta mazungumzo yaje kwenye nyumba, yalimponyoka yakarudi kwenye masikio ya mbwa. Mwishowe uvumilivu ulimwishia.

"Mzee Orville, mimi nataka kununua hii nyumba."

Mzee alitazama kikombe chake. "Aa, sijui. Nyumba kuukuu hii. Wewe huitaki."

"Naitaka."

"Mh," alisema mzee Orville, na akampa kipande cha keki.

Kutoka nako kulikuwa na ibada yake. Waliagana mezani, wakaagana mlangoni, wakaagana tena kwenye gari, mzee ameshika kioo cha dirisha akikumbuka habari nyingine ya swala. LaVonne alifika kwake amechoka kama aliyepakua lori.

Juma lililofuata alirudi, safari hii amejikaza. Alikataa kahawa mara mbili, akainywa, kisha hata kabla swala hajatajwa akauliza, "Mzee, unaiuza kwa bei gani?"

"Sijui mimi. Wewe unaonaje?"

LaVonne alitaja bei ambayo benki iliona ni ya haki. Mzee Orville alikunja uso kana kwamba ametukanwa.

"Nyingi hiyo."

"Basi nipunguze?"

"Sikusema hivyo."

"Sasa unasemaje, mzee wangu?"

Alinyanyuka, akamtembeza. Akamwonyesha doa la maji kwenye dari. Akamwonyesha dirisha linalopitisha upepo, na bomba linalolia usiku, na mahali ambapo marehemu mkewe alidondosha sufuria vigae vikapasuka. LaVonne alimfuata nyuma meno yameumana. Husemwa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Huyu alikuwa na chema, na anakipaka matope kwa mikono yake mwenyewe! Muuzaji gani huyu? Mtu mwenye kutaka kuuza huficha doa kwa picha, hachukui tochi akalimulika.

"Mzee, pamoja na madoa yake, niuzie," alisema wakiwa tena jikoni. "Ni kwa ajili ya mama."

Mzee Orville alisugua meza kwa kidole. "Aa, hapana. Sidhani," alisema. "Mtakuja kujuta."

LaVonne alivaa koti. Alikuwa ameambiwa hapana na amesikia. Hakusubiri kuagwa mlangoni wala garini, akaondoka kasi, akilia kwa hasira mpaka kwenye kona ya silo, lile ghala refu la nafaka. Mzee anamchezea, aliwaza. Ameweka kibao ili apate watu wa kunywa nao kahawa!

Kwa siku chache alizunguka njia nyingine kwa hasira; alipopita tena akakuta kibao hakipo.

Mbele ya nyumba lilisimama gari kubwa jeupe, na mume na mke wamevaa mabuti mapya yasiyojua tope, wakipiga picha paa. Watu wa jiji la Minneapolis hao, wanaotafuta nyumba ya kuja kupumzika karibu na ziwa. Pembeni ya vidato vya mlango palikuwa na rundo la mbao mpya. Kwa hiyo ameshawauzia, na wao wameshaanza kukarabati. LaVonne aliutwanga usukani kwa ngumi. Mimi niliyezaliwa hapa ananiambia nitajuta, na wale waliofika leo anawapa! Mzee mnafiki, na keki zake!

Alimkuta mama yake dirishani, blanketi mapajani. Mhudumu kijana alikuwa anapita na toroli.

"Kahawa, bibi Ardis?"

"Hapana, mwanangu, usijisumbue."

"Haya," alisema mhudumu kwa upole, akapita.

Ardis aliisindikiza birika kwa macho mpaka ikapotea. Ndivyo ilivyokuwa tangu aingie pale. Wahudumu huuliza mara moja tu, kisha huheshimu jibu, na mwanamke aliyekunywa kahawa kutwa maisha yake yote alikuwa hajaionja ya moto tangu majira ya kuchipua. LaVonne alikuwa akimletea ya chupa, ikifika imepoa.

"Nyumba imekwenda, mama," alisema, na akamweleza yote, sauti ikimpanda hadi bibi wa kiti cha jirani akageuka. Ardis alinyoosha blanketi lake.

"Ulimwomba mara ngapi?"

"Mbili! Na mara zote mbili amenikataa."

"Mbili." Ardis alifumba macho. "LaVonne, nilikulea wapi mimi?"

"Mama, ile ni nyumba. Si kipande cha keki!"

"Ndiyo maana. Kwa kipande cha keki mtu angeweza kukubali ya pili."

Wazungumzaji wa Kiswahili tuna usemi wetu, mwomba chumvi huombea chungu chake, na chungu cha LaVonne kilikuwa kimekaa mbele yake na blanketi mapajani. LaVonne alichukua funguo za gari.

Aligonga mlango wa mzee Orville kwa kiganja. Lile gari jeupe lilikuwa limekwisha kuondoka.

"Aa, binti wa Ardis! Kaha..."

"Sitaki kahawa! Umewauzia wale watu?"

"Wapi! Waliniuliza kama nauza. Nikawaambia, aa, sijui hata." Mzee alitikisa kichwa. "Wakasema asante, wakaenda zao. Hawakuuliza tena. Nadhani hawakuipenda."

LaVonne alishika mwimo wa mlango. "Mzee Orville. Nauliza mara ya tatu, na sina nguvu ya kuuliza ya nne. Niuzie nyumba yako."

Mzee alishusha pumzi ndefu.

"Haya basi," alisema. "Kama haitakuwa usumbufu kwako."

"Usumbufu!" LaVonne alipiga kelele, bata wa jirani wakaruka. "Na kibao je? Nani alikitoa kibao?"

"Mimi. Siku ile uliyokuja mara ya pili. Ningekiachaje, watu wakapita wakidhani haijapata mwenyewe?"

"Na hizi mbao?"

Mzee Orville aliona haya. "Za mteremko. Vidato ni viwili, kiti cha Ardis hakitapanda. Nilitaka niumalize kabla ardhi haijaganda."

LaVonne aliketi juu ya mbao zile. Alitaka kumkaba na alitaka kumbusu, akaishia kulia tu, na mzee, asiyejua la kufanya na mtu anayelia, akaenda kumletea keki.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungejiona umelazimishwa."

Mbele ya wakili walibishana upya, mzee akishusha bei na LaVonne akiipandisha, kila mmoja akiogopa kumdhulumu mwenzake, mpaka wakili, aliyekuwa na wateja wengine nje, akaandika ya katikati bila kuwauliza. Wote wawili walitia sahihi wakinung'unika.

Siku Ardis alipoletwa, theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka. Mzee Orville, ambaye bintiye wa Sioux Falls angemfuata kesho yake, alikuwa ameufagia mteremko mara kadhaa.

"Karibu nyumbani, mama," alisema LaVonne.

"Aa, msijisumbue. Mimi hapa nje panatosha, nitaangalia tu."

"Ingia, Ardis," alisema mzee Orville.

"Nitawachafulia sakafu na magurudumu haya."

Mzee Orville alivuta pumzi ili aseme mara ya tatu, kama adabu inavyotaka. LaVonne hakumngoja. Ameshakula adabu ya kutosha tangu mavuno. Aliishika mikono ya kiti akakisukuma kwa nguvu zote, mama na magurudumu na theluji, mpaka katikati ya jikoni.

Ardis alitazama dari lenye doa. Akatazama vigae vilivyopasuka, na jiko, na birika juu yake. Alivua glavu zake moja moja akaziweka mezani.

"LaVonne," alisema, "hebu nipe kahawa."