Miezi Minne ya Mshtarii

Siku yangu ya kwanza kazini, katika ukumbi wa sayansi huko Fort Worth, mkuu wa maonyesho alinikabidhi kalipa, kile kifaa cha taya mbili cha kupimia upana, na sanduku la mipira. Alikuwa mama wa Mombasa, mkali kama pilipili mbuzi. "Bwana Salum," akaniambia, "hapa hatu-guess. Una-measure kwanza, ndio unaongea."

Mipira ile ilikuwa sayari na miezi yake. Kipimo chetu kilikuwa sentimita moja kwa kila kilomita elfu za kipenyo, yaani upana wa kitu ukikipima kupitia katikati. Dunia ilitoka kama balungi, mwezi wetu kama ndimu ndogo. Mshtarii, kubwa kuliko sayari zote, haikuingia sandukuni; ilinifika kifuani. Baada ya wiki mbili nikajiona bingwa.

Mkuu akanipa kazi ya kuwaongoza wageni wa Kiswahili, wengi wao Wakongo wanaofanya kazi kwenye maghala. Nikawaambia kwa madaha: "Mshtarii ina miezi mikubwa minne. Mmojawapo unaipita hata sayari ya Utaridi kwa ukubwa!" Wakaitikia kwa vichwa, wakapiga picha, wakaenda zao.

Jumamosi iliyofuata mmoja wao, Mama Furaha, akarudi na binti yake wa darasa la tano. Mama alikuwa amekunja uso.

"Baba, balimucheka mutoto ku masomo. Nilimuambia mwaka ya Mshtarii iko na miezi ine, ni weye ulisema. Sasa anasema eti miye sijue kitu."

"She always gets stuff wrong," binti akasema, akitazama viatu vyake.

Nilitamani ardhi inimeze. Kumbe nilipotaja miezi, mama wa watu alihesabu Januari na Februari! Na angefanyaje? Neno ni lilelile, nami sikuinua mpira hata mmoja kumwonyesha. Kosa lilikuwa langu, lakini aliyevunjiwa heshima na mwanawe alikuwa yeye. Iliniuma sana.

Nikamwita mama pembeni, nikampa kalipa. Akapima Utaridi: haikutimia sentimita tano. Akapima ule mwezi wa Mshtarii: tano na zaidi. Akarudia, haamini.

"Mwezi inapita sayari? Na bado banaiita mwezi?"

"Ndiyo, mama, maana unaizunguka Mshtarii. Utaridi inalizunguka jua lenyewe. Ukubwa hauhusiki."

Ndipo nikamwita binti, nikamwambia mama yake alisikia sawasawa, mimi ndiye niliyeeleza vibaya. Kisha nikafunga mdomo. Mama Furaha akamwekea mipira miwili viganjani, akaanza kumweleza. Binti akauliza hili na lile, na yote alimuuliza mama yake.

Baadaye nilihamishiwa Houston, nikaifanya kazi hiyohiyo mpaka nikastaafu. Vijana wanaoianza sasa wanajua kuliko mimi, na vifaa vyao ni vizuri zaidi. Nawaomba jambo moja tu: mzazi akija na mtoto, mfundisheni mzazi kwanza, faraghani, halafu rudini nyuma mumwache aongee.